Je, Wajua? Sheria ya Kiislamu na duka la simuni

Je, wajua kwamba Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliandika kuwa watu wawili walio mbalimbali wakiuziana kwa kuitana, biashara yao inasihi bila khitilafu? Ni mwanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu.

Je, wajua kwamba mwaka 1990 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikutana Jeddah na kuhalalisha mikataba ya teleksi, faksi na kompyuta? Kanuni hizo hazikuhusu ndoa, kwa ajili ya mashahidi, wala kubadilishana fedha, wala salamu, yaani mauzo ambayo pesa hutangulia na mali hufuata.

Je, wajua kwamba dhahabu ina masharti yake? Ukituma pesa leo bangili ikaja Alhamisi, wanazuoni wengi wanahesabu hiyo ni riba. Dhahabu kwa pesa ni mkono kwa mkono.

Je, wajua kwamba kuposti viatu vya duka la jirani, kupokea pesa, kisha ndiyo ukimbilie kuvinunua, si ujanja mpya? Sahaba Hakim bin Hizam alimuuliza Mtume (S.A.W.) jambo hilihili: mteja anataka nisichokuwa nacho, nimuuzie kisha nikanunue sokoni? Akajibiwa asiuze asichokuwa nacho. Njia ipo, nayo ni nyepesi: mwambie mteja wewe ni wakala, taja ujira wako, basi. Wengi wanaikwepa kwa kuwa hawataki mteja ajue wameongeza ngapi.

Je, wajua kwamba kwa Mashafi kuuza kitu mahususi ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi, kwa kauli yenye nguvu? Ndiyo maana "lipa mzigo ukifika" inawafaa: oda inakuwa ahadi tu, na mauziano yanafungwa mlangoni, bodaboda akisubiri, ukishakifungua na kukikagua. Mahanafi wanaruhusu kununua bila kuona, ila mnunuzi akishakiona ana hiari ya kukikataa.

Je, wajua kwamba kujiwekea sifa za uongo, au kumlipa mtu aandike "nimepokea mzigo wangu, asante dada", ni udanganyifu uleule wa najshi, yaani kupandisha bei ya mali bila nia ya kuinunua?

Je, wajua kwamba Mtume alipita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka akakuta chini kumelowa? Muuzaji alisema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu watu waione. Picha iliyopakwa filta hadi doa la gauni likapotea haina tofauti na lundo lile.

Na hii ya "bei njoo inbox"? Kuuliza bei faragha si haramu. Lakini bei isipojulikana kabla ya kukubaliana, hakuna mauzo. Na kibao cha "mali ikiuzwa hairudishwi" hakimkingi muuzaji aliyejua kasoro akaificha: mnunuzi ana haki ya kurudisha mali na kudai pesa yake yote.