Kamera za Sinema na Nyuso Zetu

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote hapa Kisegi kamera nzuri ni ipi, atakujibu kwa hesabu: hii ina megapikseli nyingi, ile ni ya K nne, ile nyingine K nane. Hesabu hiyo si mbaya, lakini mafundi wa sinema hawaanzii hapo. Kwa mihula miwili nimekuwa nikisoma masimulizi yao kuhusu kamera kubwa za kidijitali, na jambo wanalolirudia sana ni mwanga.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu ziwani. Usiku usio na mwezi wavuvi wa omena huwasha taa zao, na ukisimama ufuoni utadhani kuna mji umejengwa juu ya maji. Hebu jaribu kuipiga picha taa moja kwa simu. Itatoka kama doa jeupe lisilo na umbo, na mvuvi aliye kando yake hatatoka kabisa. Jicho lako linaona vyote viwili, taa na uso. Simu inalazimika kuchagua. Mchana ni yale yale: mama anaanika omena, nyuma yake maji yanametameta, na kwenye picha yeye anakuwa kivuli tu.

Mafundi hupima uwezo huo kwa stopu. Kila stopu moja ni mwanga uliozidishwa mara mbili. Kamera ya Alexa, iliyotolewa mwaka 2010 na kampuni ya Arri ya Munich, Ujerumani, inabeba stopu 14 hivi. Wapenzi wa hisabati watafute mbili kwa kipeo cha 14: ni 16,384. Yaani mwanga mkali kabisa inaoweza kuushika ni kama mara elfu kumi na sita ya ule hafifu kabisa, na vyote vinakaa katika picha moja.

Inawezaje? Ndani yake kuna kihisimwanga, kibamba kilichojaa vijitundu vya kupokea mwanga. Kila kijitundu husomwa mara mbili kwa wakati mmoja. Fikiria makarani wawili katika baraza la chifu: mmoja masikio yake ni makali na anaandika minong'ono, mwenzake anaandika makelele tu. Halafu daftari zao zinaunganishwa. Ndivyo kamera ile inavyounganisha giza na nuru.

Ndiyo maana hata wakongwe waliacha mkanda. Roger Deakins, Mwingereza aliyepiga sinema kwa mkanda miaka mingi, aliishika Alexa katika filamu ya In Time ya 2011, kisha Skyfall ya 2012. Kumbuka kwamba RED One, ya Marekani, ilikuwa imekwisha kutoka tangu 2007 ikiwa na K nne, na Alexa ile ya kwanza haikuzifikia. Wengi waliipenda hivyo hivyo. Netflix walishikilia K nne kwa sinema zao wenyewe. Katika Sense8, tamthilia yenye matatu ya Nairobi iitwayo Van Damn, walitumia Sony F55. Nayo matatu ni mtihani hasa: dereva yumo gizani, nje jua la Nairobi linawaka!

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Nyumbani kwetu kuna picha moja tu ya babu, ya rangi. Shati lake jeupe laonekana mpaka vifungo. Uso ni weusi mtupu na meno. Nyanya husema babu alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto. Sisi wajukuu tunaliamini tu, hatujaliona.

Nilidhani ni bahati mbaya ya picha ile moja. Kumbe kuna historia. Kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara kadi ya kulinganishia rangi, yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Ngozi yake ikitoka sawasawa, basi rangi zimekuwa sawa. Ya kwetu haikuwa kipimo. Mkanda ulipokuja kurekebishwa ili uone vizuri rangi za kahawia, miongoni mwa waliolalamika ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani. Yaani meza zilisikizwa kabla ya watu!

Kamera mpya imefungua mlango, lakini haiingii yenyewe. James Laxton alipiga Moonlight ya 2016 kwa Alexa, na waigizaji hawakupakwa poda ya kuua mng'aro kama ilivyo desturi. Ngozi iliachwa ing'ae, hata ikatiwa mafuta, kwa sababu ngozi nyeusi huonekana vizuri kwa mwanga unaorudi kutoka juu yake. Bradford Young alifanya kazi ya namna hiyo katika Selma ya 2014.

Shida hazikosi. RED One ilikula kadi ya gigabaiti 8 kwa dakika nne hivi. Katika Slumdog Millionaire ya 2008, iliyopigwa Mumbai, kompyuta za kamera zilibebwa mgongoni kwenye mikoba yenye barafu kavu, zisichemke. Hapa kwetu ongeza jenereta, vumbi, na wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi.

Chama chetu hakina kamera hizo. Lakini likizo ya Agosti tunataka kuwarekodi wazee wanaosema Olusuba, maana wanazidi kuwa wachache, na simu tunazo. Basi tufanye hivi: mzee asikae na ziwa nyuma yake. Aketi kivulini chini ya mti, ukingoni, auelekee uwanja wenye mwanga, na nyuma yake pawe na ukuta wa udongo au majani. Asivae shati jeupe likiwezekana. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili simu ipime mwanga wa uso, si wa mbingu. Kisha muulize jina lake kamili, na mwache aseme.