Je, wajua? Dawa ya malale iliyogeuka taa ya maabara

Mfugaji wa Urambo au Sikonge, mkoani Tabora, haambiwi Berenil ni nini: chenga za manjano zinazokorogwa kwenye maji na kudungwa ng'ombe aliyekondeshwa na nagana. Asichokijua ni kwamba dawa hiyo ina ndugu wa kikemia aliyezagaa katika maabara za ubongo duniani kote. Jina lake ni DAPI.

DAPI ilitengenezwa mwaka 1971 nchini Ujerumani, katika maabara ya mkemia Otto Dann, wakati wa kusaka dawa ya tripanosoma, vimelea vinavyoenezwa na mbung'o na kuleta nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu. Dawa haikupatikana. Ila kemikali hiyo hung'ang'ania DNA, na ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno hutoa mng'ao wa buluu. Kimelea chenyewe kikitiwa DAPI huonyesha nukta mbili: kubwa ni kiini, na ndogo ni fungu la DNA lililo karibu na shina la mjeledi wake. Kemikali iliyoshindwa kuwa dawa ikaishia kukianika.

Tabora inamjua mbung'o tangu zamani. Mizigo iliyopita kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilibebwa zaidi na wapagazi, Wanyamwezi wengi wakiwa miongoni mwao, na sababu mojawapo ni kwamba katika pori la miyombo wanyama wa kubeba mizigo hawakudumu. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwaondoa watu wengi wa magharibi ya Tanganyika porini na kuwakusanya katika makazi ya pamoja kwa ajili ya malale. Mpaka leo kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) cha Tabora hushughulika na ugonjwa huo.

Malale huanzia kwenye damu na limfu, kisha huingia ubongoni, na hapo ndipo mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku. Kuta za mishipa ya damu ya ubongo zimebana sana, hata dawa nyingi hazipenyi. Suramini, inayotibu hatua ya kwanza, haivuki vya kutosha kuponya ya pili. Nje ya vimishipa vyembamba kabisa zimekaa perisaiti, seli zilizovishika kama vidole vilivyoshika mpini. Mwanasayansi Eberth alizieleza mwaka 1871, mwaka uleule Stanley alipofika Tabora akimtafuta Livingstone. Malale ikishaingia ubongoni, chembe nyeupe za damu nazo hujazana kuizunguka mishipa.

Sasa nani ni nani katika msongamano huo? DAPI peke yake haisemi, kwani huwasha viini vya seli zote sawasawa. Watafiti huongeza kingamwili zilizofungwa rangi nyingine, kila moja ikishika aina yake ya seli: nyekundu huku, kijani kule, buluu ya DAPI ikihesabu viini. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa kwenye kipande cha ubongo uliokwisha kufa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitangaza njia ya kuziona perisaiti katika ubongo wa panya aliye hai. Walitumia NeuroTrace, rangi iliyozoeleka kwa kuonyesha seli za neva katika vipande vilivyohifadhiwa. Juu ya ubongo hai, perisaiti ndizo zilizoifyonza, huku seli za misuli laini ya mishipa, majirani wanaofanana nazo, zikibaki bila rangi. Kwangu hilo linashinda hata kisa cha DAPI: rangi ileile, kazi nyingine kabisa.

Dawa nayo imesonga. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza feksinidazoli, vidonge vya kumeza, kwa malale ya Afrika Mashariki, baada ya majaribio nchini Malawi na Uganda. Nawe mrina asali, ukitoka porini na homa isiyokoma, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, mwambie daktari kwamba uling'atwa na mbung'o, na uombe damu yako ikaguliwe kwa hadubini.