Hesabu za kampuni: kubaki na programu ya zamani ao kuhamia mtandaoni?

Kampuni ndogo ya Karavia, hapa Lubumbashi, yenye kuweka hesabu zote ndani ya kompyuta moja, inaweza kuzipoteza siku moja: mwizi, virusi, ao umeme wa SNEL kurudi kwa nguvu na kuunguza mashine. ERP ya mtandaoni inaunganisha mauzo, stoki na hesabu, na inazichunga mbali. Lakini intaneti ikikatika, kazi inasimama. Tena abonema inalipwa kila mara.

Mbele ya kusaini, patroni aulize: inafuata SYSCOHADA? Inahesabu TVA ya 16%? Na siku kampuni ikishindwa kulipa, hesabu zake zitatoka namna gani? Sheria ya OHADA inaomba vitabu vichungwe miaka 10. Kama jibu hilo haliko ndani ya mukataba, heri kungoja.