Kazi ya Mkuza Mitaala Baina ya Tamaduni (Sehemu ya Pili): Hisabati ya Entebbe na Vikombe vya Mchele

Katika sehemu ya kwanza ilielezwa kwamba mtaala ni zaidi ya muhtasari wa masomo, kwa kuwa unakusanya malengo ya elimu, maarifa yanayofundishwa, njia za kuyafundisha na namna ya kuyapima, na kwamba mkuza mitaala, yaani mtaalamu anayeyapanga hayo yote, hukabiliwa na ugumu wa pekee anapowaandikia wanafunzi wa jamii ambayo yeye hakulelewa ndani yake. Ugumu huo unaonekana wazi katika Mpango wa Hisabati wa Afrika, uliojulikana zaidi kwa jina la Hisabati ya Entebbe.

Mpango huo ulianza mwaka 1962, pale wataalamu kutoka Marekani, Uingereza na nchi za Afrika zilizofundisha kwa Kiingereza walipokutana Entebbe, Uganda, wakiongozwa na W. T. Martin, profesa wa hisabati wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, wakaanza kuandika vitabu vya wanafunzi pamoja na viongozi vya walimu. Vitabu hivyo vilifuata hisabati mpya, iliyopata msukumo mkubwa Marekani baada ya Wasovieti kurusha Sputnik mwaka 1957, na iliyotaka mtoto aanze na dhana ya seti, yaani mkusanyiko wa vitu vilivyobainishwa, ili aelewe sababu ya kanuni badala ya kuikariri. Nia ilikuwa njema, na ni haki kukumbuka kwamba Waafrika walishiriki katika uandishi wenyewe. Hata hivyo, msomi Mwafrika aliyefikia hatua ya kualikwa Entebbe alikuwa naye amepitia shule za mfumo wa Kiingereza, na swali la mtoto wa kijijini anajua nini kabla ya kuingia darasani ni swali ambalo kamati ya wasomi, hata iwe na watu wa rangi zote, haiwezi kulijibu ikiwa imekaa mezani.

Waliolifuatia swali hilo hadi kijijini ni John Gay, aliyefundisha katika Chuo cha Cuttington nchini Liberia, na mwanasaikolojia Michael Cole, ambao walifanya utafiti miongoni mwa Wakpelle, wakulima wa mpunga, kisha mwaka 1967 wakatoa kitabu kiitwacho The New Mathematics and an Old Culture. Walimu walikuwa wakilalamika kwamba watoto wa Kikpelle hawawezi hisabati. Gay na Cole waligundua kwamba Wakpelle, ambao huuza na kununua mchele kwa kikombe, walikadiria idadi ya vikombe vya mchele vilivyomo katika chombo kwa usahihi uliowashinda kwa mbali Wamarekani waliopewa jaribio lilo hilo. Kwa upande mwingine, vipimo vyao vya urefu havikuunganishwa katika mfumo mmoja, kwa kuwa kila kipimo kilikuwa na kazi yake, na hapo ndipo mtoto alipokwama shuleni, ambako alitakiwa kugeuza kipimo kimoja kuwa kingine bila kuelezwa kwa nini. Basi kilichopungua hakikuwa akili. Ni kwamba aliyeandika somo hakujua pa kuanzia.

Matokeo hayo yana uzito hata kwa Afrika Mashariki, ambako wafanyabiashara wa nafaka walipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja, na ambako shubiri, dhiraa na pima vilitumika katika nguo, kamba na ujenzi. Kipimo cha aina hiyo ni uwiano uliokamilika, na mtoto aliyetumwa dukani alikuwa na mlango wa kuingilia sehemu na migawanyo kabla hajasikia neno seti. Hisabati mpya, iliyoanza na seti, haikupitia mlango huo. Nchini Kenya iliondolewa shuleni mwaka 1981, na wazazi wengi walikuwa wameilalamikia kuwa hawaielewi wala hawawezi kuwasaidia watoto wao.

Tanzania ilianza kutumia mitaala iliyoboreshwa mwaka 2024, na Kenya inaendelea na mtaala wa umilisi. Wanaoandika vitabu vya mitaala hiyo wapewe muda na fedha za kwenda sokoni, shambani na pwani kwa wavuvi, wakaone watoto wanavyohesabu huko, kabla ya sura ya kwanza kuandikwa. Sehemu ya tatu itaeleza jinsi utafiti wa namna hiyo unavyopangwa.