Manungu au Jamhuri? Kwa nini uwanja wa Mtibwa Sugar unagawa mashabiki Morogoro

Ukitaka kuanzisha ubishi kijiweni Morogoro, uliza swali moja tu: Mtibwa Sugar inatakiwa kucheza nyumbani wapi?

Mmoja atakwambia Manungu, kule Turiani, katikati ya mashamba ya miwa. Mwingine atakwambia Jamhuri, mjini, chini ya milima ya Uluguru. Na kila mmoja ana hoja zake, wala si za kubeza.

Mjadala huu si mpya, ila umepata uzito upya. Mtibwa ilishuka daraja mwaka 2024, ikatwaa ubingwa wa Championship msimu wa 2024/25 na kurejea Ligi Kuu. Timu ikirudi Ligi Kuu, Simba na Yanga nazo zinarudi kwenye ratiba. Hapo ndipo swali la uwanja linapokuwa ishu.

Hivi ndivyo mambo yalivyo.

Viwanja viwili, mkoa mmoja

Manungu ni uwanja uliozaliwa na kiwanda. Upo ndani ya eneo la mashamba ya sukari ya Mtibwa, wilayani Mvomero, kaskazini mwa mji wa Morogoro. Milima unayoiona ukiwa pale si Uluguru, ni Nguru. Ndiyo maana timu inaitwa "Wakata Miwa wa Manungu". Hilo jina halikubuniwa ofisini, limetokana na kazi ya watu wa pale.

Timu hii ilianzishwa mwaka 1988 na ikabeba ubingwa wa Tanzania mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Kwa klabu kutoka nje ya Dar es Salaam, hilo ni jambo kubwa mno. Wengi wamejaribu, wachache wameweza.

Jamhuri ni habari nyingine. Ni uwanja wa mjini, unamilikiwa na Chama cha Mapinduzi (CCM), kama ilivyo kwa Sokoine wa Mbeya, CCM Kirumba wa Mwanza na Sheikh Amri Abeid wa Arusha. Ni mkubwa kuliko Manungu, na unafikika kwa bodaboda, daladala au kwa miguu.

Jamhuri nao una historia yake. Mji huu ulikuwa na timu tishio kabla Mtibwa haijazaliwa. Mseto ilibeba ubingwa wa taifa mwaka 1975. Wazee wa mjini wakikumbuka enzi hizo, wanakumbuka mpira uliochezwa karibu na nyumba zao.

Mtibwa imewahi kuhama?

Ndiyo, zaidi ya mara moja.

Septemba 2020, Mtibwa iliikaribisha Simba kwenye Uwanja wa Jamhuri, Morogoro. Matokeo yakawa 1-1. Mwezi huohuo ikaikaribisha Yanga palepale na kufungwa 1-0.

Msimu wa 2021/22 mambo yakageuka. Vigogo wakapelekwa Manungu. Januari 2022 Simba ilitoka huko na sare ya 0-0. Februari 2022 Yanga ikaenda na kushinda 2-0.

Kwenye mechi za kimataifa ilikuwa safari ndefu zaidi. Mtibwa iliposhinda Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2018, kwa kuifunga Singida United 3-2 jijini Arusha, ilipata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Lakini mechi za nyumbani haikuchezea Manungu wala Jamhuri. Ilikwenda Azam Complex, Chamazi, Dar es Salaam.

Kwa hiyo shabiki wa Turiani aliyesubiri miaka kuiona timu yake ikicheza na wageni kutoka nje ya nchi, alilazimika kusafiri hadi Dar. Au aangalie kwenye televisheni.

Wanaotaka Manungu wanasemaje?

Hoja ya kwanza ni utambulisho. Wanauliza: ukiitoa Mtibwa kwenye miwa, unabaki na nini? Timu ilianza kama burudani ya wafanyakazi na majirani zao. Mkata miwa anatoka shambani, anaoga, anakwenda uwanjani. Ukiipeleka mjini, mtu huyohuyo anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, na pengine siku nzima ya mapumziko.

Fikiria safari yenyewe. Kutoka Turiani unashika barabara ya kwenda Magole, karibu kilomita 50, kisha unaingia barabara kuu ya Dodoma–Morogoro hadi mjini. Mechi ikianza saa 10:00 jioni, inaisha kuelekea saa 12:00. Kurudi ni usiku. Kwa mtu anayeingia kazini alfajiri, hiyo si safari ya kila wiki.

Hoja ya pili ni faida ya uwanjani. Mjini Morogoro kuna mashabiki wengi sana wa Simba na Yanga. Kigogo akija Jamhuri, jukwaa linaweza kujaa rangi za mgeni, na mwenyeji akajikuta anacheza ugenini nyumbani kwake. Manungu ni padogo, mashabiki wako karibu na mstari, na mgeni anafika akiwa amechoka na barabara.

Hoja ya tatu ni biashara ndogo. Siku ya mechi Madizini, mji mdogo ulio jirani na kiwanda, inachangamka. Mama lishe anauza, bodaboda anabeba abiria, nyumba za wageni zinajaa. Mechi ya Simba au Yanga ni kama sikukuu. Ikihamishwa, pesa hiyo inahama nayo.

Na wanaotaka Jamhuri?

Hawa wanaanza na hesabu. Kwenye Ligi Kuu, mapato ya mlangoni yakishakatwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18, gharama za uwanja na makato mengine, kinachobaki ni cha mwenyeji. Uwanja mkubwa ukijaa, fungu linakuwa nono. Mechi mbili tu za vigogo zinaweza kuingiza zaidi ya mechi nyingi za kawaida.

Pili, wanasema Mtibwa ni timu ya mkoa, si ya kiwanda peke yake. Mtoto wa Kihonda, Mafiga au Mji Mpya naye anataka timu ya kuiita yake. Kama haioni timu ya Morogoro ikicheza Morogoro, atakuwa shabiki wa Kariakoo tu kama wenzake. Unawezaje kujenga mashabiki wapya kama timu haionekani?

Tatu, usafiri umebadilika. Tangu Juni 2024 treni ya umeme ya SGR inatoa abiria Dar es Salaam hadi Morogoro kwa chini ya saa mbili. Shabiki wa Dar anaweza kuja mjini, akaangalia mpira na kurudi. Kwenda Turiani bado anahitaji safari nyingine ya barabara.

Na nne, wanataja mvua. Masika huja kati ya Machi na Mei, kipindi ambacho ligi iko kwenye lala salama na kila pointi inauma. Wanataka eneo la kuchezea linalohimili maji, timu icheze pasi badala ya kubutua.

Nani anaamua?

Si mashabiki, kusema kweli.

Klabu ndiyo inayotaja uwanja wake wa nyumbani kabla ya msimu. Bodi ya Ligi inaukagua: nyasi, vyumba vya kubadilishia nguo, uzio, usalama, sehemu za kuweka kamera. Uwanja usipokidhi vigezo, unafungiwa hadi urekebishwe, na timu inatafuta pa kwenda.

Kamera nazo zina nguvu kuliko zamani. Mwaka 2021 Azam Media iliingia mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya Ligi Kuu, wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Maana yake ni mbili. Klabu haitegemei tena mlango peke yake, jambo linalowapa nguvu watu wa Manungu. Lakini pia uwanja lazima uonekane vizuri kwenye skrini, jambo linalowapa nguvu watu wa Jamhuri.

Kuna jambo lingine watu husahau. Manungu uko kwenye himaya ya kiwanda, hivyo timu iko nyumbani kweli. Jamhuri una mwenye nyumba. Mtibwa ikienda huko inakuwa mpangaji, na mpangaji halali usingizi mzuri siku shughuli nyingine zinapotaka uwanja huohuo.

Wengine walihama, ikawaje?

Mfano unaotisha zaidi uko karibu. Ihefu ilikuwa timu ya Mbarali, mkoani Mbeya. Novemba 2022, kwenye Uwanja wa Highland Estates, iliifunga Yanga 2-1 na kuvunja rekodi ya kutofungwa mechi 49 za ligi. Oktoba 2023 ikarudia, tena 2-1, palepale.

Mwaka 2024 timu ikahamia Singida, kisha ikabadili jina na kuwa Singida Black Stars. Ndani ya muda mfupi, Mbarali iliyomtoa jasho bingwa ikabaki bila timu ya Ligi Kuu. Mashabiki wa Manungu wakisikia neno "kuhama", ndicho wanachokiona.

Moro United nayo ni somo. Ilibeba jina la Morogoro lakini maisha yake ikayahamishia Dar es Salaam. Leo haipo tena kwenye ramani ya Ligi Kuu.

Lakini si kila kuhama ni msiba. Yanga ilitoka Azam Complex kwenda KMC Complex, Mwenge, Novemba 2024, baada ya kupoteza mechi mbili mfululizo Chamazi dhidi ya Azam na Tabora United. Mashabiki wake hawakulia, kwa sababu walibaki jiji lilelile. Umbali mfupi, jina lilelile, watu walewale.

Uingereza wamepita njia zote mbili. Arsenal ilihama Highbury kwenda Emirates mwaka 2006, mwendo wa miguu tu, na klabu ikabaki mtaani kwake. Wimbledon iliondolewa London kwenda Milton Keynes mwaka 2003. Mashabiki walikataa mapema, wakaunda AFC Wimbledon mwaka 2002, wakapanda madaraja hadi wakarudi kwenye mtaa wao wa Plough Lane mwaka 2020.

Ukiitazama mifano hii, tofauti haiko kwenye uzuri wa uwanja mpya. Iko kwenye swali la kama shabiki wa zamani bado anaweza kufika.

Je, kuna njia ya kati?

Ipo, na Mtibwa yenyewe imeshaigusa: mechi za kawaida Manungu, mechi za vigogo Jamhuri. Mjini wanapata burudani, klabu inapata pesa, Turiani inabaki na timu yake.

Tatizo ni kwamba mgawanyo huo unampa mkata miwa mechi ndogo na kumnyima kubwa. Yeye aliyeishangilia timu Championship, ikicheza bila kelele za Simba na Yanga, anaambiwa siku ya sherehe aende mjini. Hapo hata mpole anakasirika.

Ndiyo maana baadhi wanataka kigogo mmoja aende Manungu na mwingine Jamhuri, kisha msimu unaofuata wabadilishane. Wengine wanasema kama mechi inahamishwa, basi klabu iweke mabasi kutoka Turiani na tiketi zitengwe kwa ajili ya watu wa kule. Si mambo ya gharama kubwa ukilinganisha na mapato ya mechi yenyewe.

Shabiki aangalie nini?

Mambo matatu. Kwanza, uwanja uliotajwa kwenye ratiba kabla ya msimu, kwa sababu ndiyo ahadi ya klabu kwako. Pili, taarifa za Bodi ya Ligi kuhusu viwanja vilivyofungiwa, maana timu inaweza kuhama bila kupenda. Tatu, uliza kama kuhama ni kwa mechi chache au ni kwa msimu mzima.

Kama uko mbali, thibitisha uwanja kabla hujakata tiketi ya basi au treni. Kati ya Jamhuri na Manungu kuna safari ya saa kadhaa, na mwamuzi hatakusubiri.