Istilahi za Mkonge na Mitaala ya Vyuo Vikuu

Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf alipanda huko Kikogwe, Pangani, miche 62 ya mkonge, iliyosalia hai kati ya 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida. Mmea ulikuwa mgeni, lakini haukukosa jina: wenyeji walikuwa na mkonge wao wa porini, nao mgeni akaitwa kwa jina la mwenyeji. Mashine iliyokuja kuchambua majani ikaitwa korona, kwa jina iliyotoka nalo Ujerumani, na kazi yake ikaitwa kusinga. Maneno hayo hayakutungwa na kamati yoyote.

Vyuo vikuu vyetu sasa vinatakiwa kuoanisha masomo na stadi zinazohitajiwa viwandani. Hilo ni mojawapo ya makusudio ya mradi wa HEET ulioanza mwaka 2021. Wazo si geni. Azimio la Musoma la 1974 liliwataka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie Chuo Kikuu, ingawa utaratibu huo baadaye ulilegezwa. Linalosahauliwa ni lugha. Mhandisi husomea kwa Kiingereza, kisha husimamishwa mbele ya korona awaongoze watu wanaofanya kazi kwa Kiswahili. Mwanya ulio kati ya visu butu vya pipa linalozunguka na kibao chake ukiwa finyu mno, nyuzi hukatika. Ukiwa mpana mno, nyama ya jani hubakia. Fundi hulijua jambo hilo kwa mkono, msomi kwa hesabu, na kila mmoja humdhania mwenzake hajui kitu.

Upungufu huo huzidi kazi iwapo mpya. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Yaliyobaki ni maji na makapi. Huko Hale, kandokando ya mto huohuo wa Pangani, makapi hayo yamekwisha kutumiwa kuzalisha gesi na umeme. Chombo ambamo bakteria huyavundisha pasipo hewa tukiite nini? “Tangi” halitoshi, maana tangi huhifadhi tu. Mimi napendekeza “kivundishio”, lakini walio na haki ya kwanza ya kusema ni wanaokifungua na kukisafisha.

Kwa hiyo ripoti ya mwanafunzi arudipo kutoka mafunzo ya kiwandani ingefaa iwe na orodha ya maneno aliyoyasikia kwa mafundi, pamoja na maana zake. Orodha hiyo isahihishwe na kupewa alama kama hesabu zake zinavyopewa, kisha nakala iletwe Barazani.