Mjusi wa ndevu amegoma kula mboga? Kagua nyumba yake kwanza

Kama uko TikTok, lazima umewahi kumwona: mjusi wa rangi ya mchanga amekaa kwenye bega la mtu kama bosi, anakodolea kamera macho. Akikasirika, ngozi ya shingo inafura na kuwa nyeusi kama ndevu za mzee. Asili yake ni maeneo makavu ya Australia, lakini Marekani na Uingereza anafugwa ndani ya nyumba kama paka. Kama una binamu Minnesota au Manchester mwenye watoto, usishangae siku moja akikwambia wamenunua mmoja.

Na akishamnunua, subiri wiki chache utasikia malalamiko: "Huyu jamaa hataki mboga kabisa. Anataka wadudu tu."

Wengi huona ni kiburi. La hasha. Mara nyingi mjusi anayegoma mboga anakuambia kitu kuhusu nyumba uliyompa.

Kwanza, ana umri gani?

Mjusi mdogo anajenga mwili, kwa hivyo karibu robo tatu ya chakula chake ni wadudu. Akipitisha mwaka mmoja na nusu hivi, hesabu inageuka: mboga ndiyo inakuwa mlo, wadudu wanakuwa kitoweo cha mara mbili au tatu kwa wiki. Kwa hivyo mtoto wa miezi minne akidharau majani, tulia. Endelea kumwekea kila siku ayazoee. Mkubwa wa miaka mitatu akiyakataa wiki nzima, hapo kuna stori.

Joto na mwanga

Mjusi hatengenezi joto lake mwenyewe kama wewe. Tumbo lake linategemea taa. Kama pale anapoota joto hapafiki kati ya nyuzi 38 na 42 za Selsiasi, chakula kinakaa tumboni bila kusagika, na hamu ya kula inapotea. Upande wa pili wa tangi uwe baridi kiasi, nyuzi 24 hadi 29, ili achague mwenyewe. Usikisie kwa mkono, nunua kipimajoto.

Kuna taa ya pili ambayo watu hupuuza, ile ya miale ya UVB. Bila hiyo miale, mwili hautengenezi vitamini D3, na bila D3 hata ukimlisha kalsiamu gunia zima, haiingii kwenye mifupa. Kumweka karibu na dirisha hakusaidii, kwa sababu kioo kinazuia UVB. Pia balbu inaweza kuwaka vizuri huku miale imeshaisha, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, kutegemea aina.

Hapa si mambo ya urembo. Mjusi akikosa kalsiamu na UVB, mifupa inalainika. Taya linakuwa kama mpira, miguu inatetemeka, mwishowe anajikokota. Mifupa ikishapinda, hainyooki tena.

Nafasi nayo? Mkubwa anafika urefu wa sentimita 45 hadi 60 pamoja na mkia, kwa hivyo tangi lisipungue sentimita 120 kwa 60. Chini weka vigae au hata gazeti. Mchanga unapendeza kwenye picha, lakini mdogo akiumeza unaweza kumziba tumbo.

Sasa sahani

Mkenya atacheka hapa. Mboga ambayo wafugaji wa Marekani huisifu, wanayoiita collards, ni sukuma wiki yetu! Ina kalsiamu ya kutosha. Ongeza malenge au pilipili hoho kidogo kwa rangi. Spinachi isiwe ya kila siku, maana ina kitu kinachoshika kalsiamu na kuizuia mwilini. Letusi ni maji matupu. Avokado usithubutu, ni sumu kwake. Kimulimuli pia, mmoja tu anaweza kumuua.

Kumrudisha kwenye mboga, jaribu hivi:

- Weka mboga asubuhi, saa moja hivi baada ya taa kuwaka, akiwa na njaa. Wadudu waje mchana.
- Katakata vipande vidogo, nyunyiza maji kidogo.
- Tupa mabuu mawili matatu juu ya majani. Yakijinyonganyonga, atayafukuza na kumeza jani pamoja nayo.
- Punguza funza wenye mafuta mengi. Hao ni kama chipsi. Akizoea, sukuma haina ladha tena.
- Nyenje na mende wasizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake, na uwapake unga wa kalsiamu.

Mpime uzito kila wiki. Akiwa anabambua ngozi, au ni majira ya baridi na ni mkubwa, anaweza kula kidogo na kulala sana, na si ugonjwa. Lakini uzito ukishuka, au akiharisha, apelekwe kwa daktari anayejua mijusi. Mdogo usimnyime wadudu eti umfundishe adabu.

Na hapa kwetu?

Wale mijusi wa kichwa chekundu wanaoota jua kwenye mawe ni wa ukoo mmoja na huyu. Tafadhali usimkamate mmoja ukamtia kwenye katoni ili upate video. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali kabla ya kufuga mnyama wa porini. Na hata kibali kando, katoni haina nyuzi 40 wala UVB.

Mjusi wa ndevu anaweza kuishi miaka 10 au zaidi. Kwa hivyo binamu akikuuliza, mwambie anunue taa na kipimajoto kabla ya mjusi mwenyewe.